Msomaji Mmoja Anatosha

(Mazungumzo haya yalitolewa na mwanachama wetu, mwanafunzi wa chuo kikuu, mbele ya vijana na wazazi kabla ya futari ya pamoja. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa. – Mhariri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Nimepewa dakika ishirini, na najua kila mmoja hapa ana jicho moja kwangu na jicho la pili kwenye saa. Harufu ya kaimati inatoka huko nyuma, na mimi pia ni binadamu. Kwa hivyo sitazunguka. Nimeombwa nizungumze na vijana wanaoandika: wanaoandika makala ya jarida letu, mashairi, kasida, hotuba za shuleni, hata yule ambaye daftari lake liko chini ya godoro na hajamuonyesha mtu. Swali lenyewe ni hili: tufanye nini pale moyo unapovunjika na kalamu ikawa nzito?

Nitaanza na kisa changu, kwa sababu mimi mwenyewe niliacha kuandika. Niliacha karibu mwaka mzima.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Sisi vijana wa mtaa tukachanga pesa tutoe jarida dogo la kukaribisha Ramadhan. Kurasa nane tu, kopi 200. Mimi nikapewa ukurasa wa tatu, nikaandika kuhusu mgonjwa na saumu. Nyote mwajua kwamba katika Suratul Baqara, pale pale saumu ilipofaradhishwa, Mwenyezi Mungu ametaja ruhusa ya mgonjwa na msafiri. Makala yale niliyahangaikia, wallahi. Nilimwendea ustadh wetu mara tatu, nikamuuliza daktari kuhusu sukari na presha, nikaandika, nikararua, nikaandika tena. Siku ya Ijumaa mwezi wa Shaaban tukagawa mlangoni pa msikiti.

Sasa sikilizeni yaliyonipata. Baada ya swala nikasimama kando, najifanya natafuta viatu, kumbe nangoja mtu aniambie kitu. Mmoja alikuwa ajipepea nalo, joto la Mombasa mwalijua. Mwengine kalikunja, kalitia mfukoni. Siku ya tatu yake nikatumwa viazi karai. Yule mama akachomoa karatasi kwenye rundo, akafunga viazi, akanipa. Nikatazama. Ukurasa wa tatu. Jina langu, na mafuta yamelowa juu yake.

Nilimwomba yule mama karatasi zote zilizobaki, akanipa bila neno, kwa sababu karatasi yenye jina la Mola haifai kufungiwa viazi. Hayo ndiyo niliyomwambia. Lakini leo ni Ramadhan na sitaki kusema uongo mbele yenu. Nilipokuwa natembea kurudi nyumbani, kilichoniuma zaidi lilikuwa jina langu mimi. Nikalichukua lile rundo, nikalitupa juu ya kabati, nikasema basi. Watu hawasomi. Nitajichosha kwa nini?

Ramadhan ile ikaingia. Nyanya yangu, ambaye nalala nyumbani kwake, ana sukari. Daktari alikuwa amemkataza kufunga. Yeye akafunga, na kizunguzungu akatuficha, kwa sababu aliona aibu kula mchana na kwa sababu aliamini kwamba akifungua ameivunja dini yake. Usiku wa kumi na tisa tukamkimbiza hospitali. Alhamdulillah, Mwenyezi Mungu akamnusuru.

Miezi ikapita. Mwezi wa Rajab uliofuata nyanya akanituma nimteremshie kasha lake la kanga lililoko juu ya kabati, na yale makaratasi yakaanguka. Akauliza, "Makaratasi gani haya?" Nikamwambia ni takataka tu, nyanya. Akasema, "Hebu nisomee." Nyanya yangu hizi herufi za shuleni hazijui. Yeye amesoma chuoni, chuo cha Qur'ani, na barua zao za zamani walikuwa wakiandikiana Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Basi nikakaa kitako, nikamsomea makala yangu kutoka mwanzo mpaka mwisho: ruhusa ya mgonjwa, nani atalipa siku nyingine, na nani ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona akawa analisha masikini kwa kila siku.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Haya yalikuwa hapa juu tangu lini?" Nikamwambia, tangu kabla ya Ramadhan iliyopita. Akanitazama. "Mwanangu, ungalinisomea. Kwani uliwaandikia watu wa wapi?"

Ndugu zangu, kabati lile liko chumbani kwake. Mimi nililia kwa ajili ya wasomaji mia mbili walionipuuza, na msomaji mmoja aliyeyahitaji maneno yale alikuwa amelala chini yake kila usiku.

Baada ya hapo alimwita ustadh nyumbani, akarudi kwa daktari wake, na mwaka huu hafungi. Analisha masikini, na anamshukuru Mola wake. Na zile kaimati zinazowanyima utulivu hapa, msimamizi wake ni yeye.

Kwa hivyo neno langu la leo ni moja, mengine ni maelezo: msomaji mmoja anatosha. Ukiwa na msomaji mmoja anayehitaji unachokijua, huna ruhusa ya kuiweka kalamu chini kwa sababu wale wengine hawakukupigia makofi.

Na hili si jambo nililolitunga mimi. Tazameni huku kwetu pwani. Bi Mwana Kupona, mke wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alitunga utendi wake mashuhuri mwaka 1858 hivi. Alikuwa mjane, na alikuwa mgonjwa. Hakuwa na jarida wala mchapishaji, na hakuuliza watu wangapi watasoma. Alikuwa na binti, Mwana Hashima, na akahofia kwamba atakufa kabla ya kumpa mafunzo ya dini yake na ya maisha yake. Akaandika. Yapata miaka miwili baadaye akafariki. Msomaji aliyemkusudia alikuwa mmoja, chumba cha pili. Leo zaidi ya miaka 160 imepita, na utendi ule unasomwa Lamu, unasomwa Mombasa, unafundishwa vyuo vikuu. Lau angekaa akihesabu wasomaji, hata yule binti asingepata kitu.

Sasa kuna mwenzangu atasema: mimi wasomaji sina shida nao, shida yangu ni kwamba kazi yenyewe ni nzito, nikiitazama nachoka kabla sijaanza. Huyu nampeleka kwa Zayd bin Thabit (R.A.). Baada ya vita vya Yamama, ambapo waliuawa wengi waliohifadhi Qur'ani, Sayyidna Umar alimshauri Sayyidna Abubakar ikusanywe. Akaitwa Zayd. Nani alikuwa Zayd? Kijana! Katika riwaya iliyomo ndani ya Bukhari, Abubakar alimtajia sababu za kumchagua, na ya kwanza ilikuwa ni ujana wake, kisha akili yake, uaminifu wake, na kwamba alikuwa akimwandikia Mtume (S.A.W.) wahyi. Na Zayd hakusema "mimi ndiye." Alisema kwamba lau angeambiwa auhamishe mlima, usingekuwa mzito kwake kuliko kazi ile. Mwaona? Uzito ule haukuwa dalili kwamba hafai. Ulikuwa dalili kwamba anajua thamani ya kazi. Na akaianza vipi? Kwa kipande kimoja kimoja: makuti ya mtende, mawe bapa, na vifua vya watu. Sisi, hasha, hatujilinganishi na kazi ile. Lakini njia tunaweza kuichukua. Bandu bandu huisha gogo.

Mwengine atasema: sina vifaa, sina kompyuta, karatasi ghali. Huyu nampa watu wawili wa mji wetu huu. Wa kwanza ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Mwaka 1930 alianza kutoa gazeti dogo hapa Mombasa, Sahifa, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Magazeti yale hayakuishi miaka mingi. Kwa hesabu zetu za leo tungesema yameanguka. Lakini makala ya Sahifa yalikusanywa baadaye yakawa kitabu, Uwongozi, na wazee wetu wamelelewa nacho. Sheikh alikuja kuwa Kadhi Mkuu mwaka 1937, na tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili aliianza. Alifariki mwaka 1947 kabla ya kuimaliza. Sehemu alizoziandika zilichapishwa miaka mingi baada yake, na mwaka 1969 Sheikh Abdallah Saleh Farsy akatoa Qurani Takatifu yake, kamili. Mimi hapa najifunza jambo: mwandishi hakuahidiwa kumaliza. Ameamrishwa afanye. Na mnakumbuka hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, na moja katika hizo ni elimu inayonufaisha watu. Sheikh Al-Amin yuko kaburini tangu kabla wazazi wetu wengi hawajazaliwa, na thawabu yake, in sha Allah, bado inatembea.

Wa pili ni Ustadh Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 aliandika karatasi ya siasa, "Kenya: Twendapi?", na mwaka 1969 akafungwa miaka mitatu. Alikuwa hajafika miaka 25, yaani ni rika letu. Huko jela karatasi ya kuandikia hakuna, na kuandika ni kwa siri. Akaandika mashairi yake kwenye karatasi za chooni. Alitoka 1972, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu cha Sauti ya Dhiki, ambacho mwaka 1974 kilipata tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta. Mimi kila nikitaka kusema "sina karatasi" nakumbuka karatasi ile, naona haya.

Kuna kuvunjika moyo kwa namna nyingine, na hiki ndicho kinachowashika wengi wetu siku hizi. Unakaa uandike, unafungua simu kidogo tu, unakutana na dunia inawaka. Tangu Oktoba 2023 tumekuwa tukiona watoto wa Gaza wakitolewa chini ya vifusi, na sisi tumeshika glasi ya uji wa futari. Unajiuliza, mimi na kishairi changu nitamsaidia nani? Rafiki yangu mmoja aliniambia kuandika wakati huu ni kama kucheza. Swali lake ni zuri, na sitaki kulijibu kwa wepesi. Ikiwa una pesa, toa. Ikiwa una dua, na nani asiyekuwa nayo, omba. Lakini Mtume (S.A.W.) katika hadithi aliyoipokea Imam Ahmad ametufundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Tazama vizuri: mche ule hautazaa. Hakuna atakayekaa kivulini mwake. Na bado ameambiwa apande. Kwa hivyo matokeo si hoja ya kuacha. Mche wako ni ule uliokwisha tiwa mkononi mwako. Ikiwa ulichopewa ni kalamu, basi ndio huo.

Na sasa lile linalouma kuliko yote: kukosolewa. Kabla ya kisa cha viazi kulikuwa na kisa kingine. Niliandika makala ya elimu kwenye ubao wa matangazo wa msikiti, nikautia ule msemo maarufu wa kutafuta elimu mpaka Uchina, nikasema ni hadithi ya Mtume (S.A.W.). Mzee mmoja akaniita baada ya swala ya Isha, mbele ya watu, akaniambia, "Kijana, hii umeitoa wapi? Isnadi yake iko wapi?" Nikaduwaa. Nikarudi nyumbani na hasira, nasema, mzee huyu ananionea wivu. Ati wivu! Mzee wa miaka sabini amuonee wivu mtoto wa kidato cha nne! Nilipoangalia nikakuta wanazuoni wa hadithi hawakuithibitisha. Wako waliosema ni dhaifu, na wako waliosema ni ya kutungwa. Mzee alikuwa na haki. Pengine angeniita kando, hilo ni kweli, na wazee wetu mliopo hapa nawaomba kwa heshima: kijana anayejaribu mrekebisheni, lakini msimvunje. Na sisi vijana, tusiwe tunataka kusifiwa tu. Aliyekuonyesha kosa lako kabla hujalirudia mara mia amekupunguzia mzigo wa Akhera. Tangu siku ile hakuna hadithi ninayoiandika bila kuuliza kwanza.

Haya, dakika zangu zinakwisha. Nitawaachia mambo matano ninayoyafanya mwenyewe, muyajaribu kabla Ramadhan haijatoka.

Kwanza, rekebisha niya kila unapoketi, si mara moja kwa mwaka. Niya ni kama kilemba, hulegea. Zamani tulihesabu kopi, leo twahesabu waliopenda kwenye simu, na ugonjwa ni ule ule. Jiulize swali la nyanya: nawaandikia watu wa wapi?

Pili, andika kidogo na usikate. Bi Aisha (R.A.) ametupokelea kwamba amali anayoipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, hata kama ni ndogo. Mimi nimejiwekea mistari kumi baada ya Alfajiri. Kumi tu. Siku nyingine yatoka mabaya, nayaacha hivyo hivyo. Simu iko chumba kingine. Na katika mwezi huu Qur'ani kwanza, kisha mistari. Usije ukaniambia hukumaliza juzuu yako kwa sababu ulikuwa unaandika makala ya kuwahimiza watu kusoma Qur'ani.

Tatu, usiandike na kusahihisha kwa wakati mmoja. Leo andika, kesho sahihisha. Mama anayepika mahamri hukanda, akaacha unga uumuke, ndipo akakata. Ukikata kabla haujaumuka utakula mawe.

Nne, hakikisha. Aya itazame kwenye msahafu, hadithi muulize mwenye elimu, mambo ya afya muulize daktari. Maneno yako yanaweza kumfanya mtu afunge au afungue. Si mchezo.

Tano, na hili ndilo ninalowausia zaidi: kabla ya kumpelekea mhariri, msomee mtu mmoja wa nyumbani. Mama, baba, nyanya, mdogo wako. Hasa yule asiyeweza kusoma mwenyewe. Usimwambie ni takataka. Msomee polepole, umtazame uso. Akikunja uso, hapo hujaeleweka. Akikuuliza swali, makala yako ya pili umeipata.

Ndugu zangu, katika Suratul Alaq, aya za mwanzo kabisa kumshukia Mtume wetu (S.A.W.), kalamu imetajwa. Na katika Suratul Qalam, Mwenyezi Mungu ameiapia. Kitu alichokiapia Mola si kitu cha kuachwa kwa sababu ya viazi karai.

Ile kopi yenye mafuta ninayo mpaka leo. Nimeitia ndani ya daftari langu la chuo, ukurasa wa kwanza. Siku nikichoka naifungua. Bado inanuka bizari.

Ya Allah, tutakabalie saumu zetu na sala zetu. Wagonjwa wetu waponye, na wale uliowapa ruhusa uwaondolee haya ya kuipokea. Wanaodhulumiwa wanusuru. Na sisi uliotupa kalamu, zifanye ziwe hoja yetu, zisiwe hoja juu yetu. Amin.

Nawaona mwaangalia saa. Muadhini yuko njiani, tende ziko mbele yenu. Nikikosea ni kwa upungufu wangu, na nikipatia ni kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu. Wabillahi tawfiq.